Nakapanya, Ruhuhu, Songwe: Maandishi ya Njiani Kuhusu Mabonde Mawili ya Ufa

Nakapanya

Makaa ya mawe yanapita Nakapanya usiku na mchana. Malori yenye matrela, yamefunikwa turubai, hutoka Mbinga, hukatiza Songea, Namtumbo na Tunduru, hupita hapa katikati ya mikorosho, kisha hushuka Masasi kuelekea bandari ya Mtwara, ambako mzigo hupakiwa melini. Ukikaa kwenye kibanda cha chai kando ya lami utayahesabu mpaka uchoke. Vumbi jeusi limetua kwenye majani ya miti iliyo karibu na barabara, na watoto wanajua kutofautisha lori lililojaa na lililo tupu kwa mlio wake tu.

Nakapanya yenyewe haina makaa, wala haiwezi kuwa nayo, na ndiyo sababu nimeona vyema kuanzia hapa. Kata hii ya wilaya ya Tunduru, mashariki mwa mkoa wa Ruvuma, imekaa juu ya miamba geu: mawe magumu yenye mistari ya kijivu na myeupe ambayo wanajiolojia huyaita naisi, pamoja na vilima vya mawe matupu vinavyosimama kimoja kimoja uwandani, vikizidi kuwa vingi kadiri unavyokaribia Masasi. Miamba hii ilipikwa na kukunjwa chini sana ardhini kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana na kushikamana kuwa bara moja kuu la kusini, Gondwana. Hakuna jani wala mfupa unaoweza kuhimili joto la namna ile. Mawe ya Nakapanya ni sakafu, na kila bonde nitakalolieleza humu lilididimia ndani ya sakafu hii au pembeni yake.

Mahali hapa pana jambo jingine ambalo ramani huonyesha vizuri kuliko macho. Magharibi yake liko bonde la ufa lililokufa kabla ya kufika baharini. Mashariki yake, ukishuka kutoka Masasi kwenda Lindi, uko ufa uliofanikiwa mpaka ukawa Bahari ya Hindi. Ardhi ya Lindi na Kilwa inatunza ushahidi wa ufa huo wa pili. Huko Mandawa visima vilivyochorongwa vilikuta tabaka nene za chumvi, alama ya maji ya bahari yaliyoingia kwenye bonde jembamba yakakaukia humo. Huko Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mijusi mikubwa kati ya 1909 na 1913 wakisimamiwa kazini na Boheti bin Amrani, mawe yenye mifupa ya nchi kavu yanapokezana na mawe yenye konokono wa baharini: bahari ilikuwa ikiingia na kutoka yapata miaka milioni 150 iliyopita, huku Madagaska ikiteleza kwenda kusini. Mtu wa Nakapanya anakaa kati ya jaribio lililoshindwa na jaribio lililofaulu. Mimi safari hii nilielekea magharibi, kulifuata lile lililoshindwa.

Kabla ya kuondoka nilikaa na mzee mmoja aliyechimba vito wakati wa mkumbo wa yakuti katikati ya miaka ya 1990, Tunduru ilipojaa wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwuliza kama yeye na wenzake waliwahi kuufikia mwamba mama, ule uliozaa yale mawe. Akatikisa kichwa. Walichekecha changarawe za mito, Muhuwesi na mingineyo, wakatoa yakuti, spineli na aleksandrite, lakini hakuna aliyejua jiwe fulani limetoka kilima gani. "Jiwe la mtoni halina kwao," alisema. "Maji yamelileta, basi." Niliiandika sentensi hiyo kwa sababu nilijua nitaihitaji mbele ya safari.

Njiani

Kati ya Tunduru na Namtumbo barabara inakaa juu ya sakafu ile ile, msitu wa miombo pande zote mbili. Kaskazini yake, kwenye bonde la mto Mkuju, mawe hubadilika: ni mawe ya mchanga ya umri mmoja na yale ninayoyafuata, nayo yamehifadhi urani. Maji yaliyopenya kwenye mchanga yalikokota urani kidogo kidogo kutoka kwenye miamba migumu ya pembeni, na yalipokutana na mabaki ya mimea iliyooza yakaiacha hapo. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa kwa ajili ya mradi wa kuichimba. Nasema hili kwa haraka, ila lina uzito wake: mkoa mmoja unachimba makaa na umepanga kuchimba urani, na vyote viwili vimetokana na bonde moja la kale lililojaa tope na mchanga.

Songea nilitazama milima ya Matogoro, chemchemi ya mto Ruvuma. Bado ni sakafu. Lakini ukitoka mjini kwenda Mbinga, ukaiacha lami pale Kitai na kufuata njia ya Amani Makoro na Ruanda inayoteremka hadi Lituhi ziwani, unaingia bondeni.

Ngaka na Ruhuhu

Hapa ndipo nilipokaa sana, na hapa ndipo maandishi yangu yamekuwa marefu.

Bonde la ufa halichimbwi na mto. Ardhi inavutwa pande mbili, inapasuka, na kipande cha katikati kinazama. Mara nyingi kinazama zaidi upande mmoja, kama sinia lililoinuliwa ukingo mmoja: uji wote unakimbilia upande wa chini. Mito inaleta mchanga, maziwa yanatua tope, na kadiri sakafu inavyozidi kuzama ndivyo nafasi ya kupokea tabaka jingine inavyopatikana. Kwa hiyo unene wa mawe ya bondeni ni kipimo cha kuzama kwenyewe. Bonde likiacha kuzama, halipokei tena, na mvua inaanza kuyala mawe yaliyokwisha kutua.

Bonde la Ruhuhu lilizama hivyo kati ya takriban miaka milioni 300 na milioni 240 iliyopita, kwa vipindi. Mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, G. M. Stockley, ndiye aliyepanga tabaka zake kwa namba, kuanzia K1 chini hadi K8 juu, katika ripoti yake ya mwaka 1932. Baadaye tabaka hizo zilipewa majina ya huku huku: Idusi, Mchuchuma, Mbuyura, Mhukuru, Ruhuhu, Usili, Manda. Kwa ujumla wake wanajiolojia huziita Kundi la Songea. Mwanafunzi wa Songea anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba jina la mji wake linatajwa kwenye vitabu vya jiolojia kila panapozungumzwa mawe ya enzi hiyo nchini Tanzania. Naona hilo ni hasara.

Tabaka la chini kabisa ni ushahidi wa barafu. Kokoto kubwa na ndogo, zenye kona na zisizo na kona, zimetupwa pamoja ndani ya tope bila kuchambuliwa. Mto huchambua: mawe mazito huyaacha juu, mchanga huupeleka mbali. Barafu haichambui, inabeba kila kitu na kukiacha palepale inapoyeyuka. Wakati ule nchi hii ilikuwa kusini mbali, upande wa ncha ya dunia.

Juu ya mabaki ya barafu yako makaa. Mgodi wa Ngaka ulianza kuzalisha mwaka 2011, na ukisimama ukingoni mwa shimo lake unaona mikanda myeusi imelala kati ya mikanda ya kijivu, yote imeinama kidogo kuelekea upande mmoja. Kila mkanda mweusi ni kinamasi. Mimea, mingi ikiwa ya jamii ya Glossopteris yenye majani mfano wa ulimi, ilianguka kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha kuiozesha. Kila mkanda wa kijivu ni mafuriko yaliyokifunika kinamasi kwa tope. Ili kinamasi kiote tena juu ya tope, sakafu lazima izame tena kidogo, lakini isizame kwa pupa, maana ikizama haraka panakuwa ziwa, na isipozama panakauka. Makaa yanayopita Nakapanya juu ya matrela ni zao la bonde lililozama kwa mwendo wa wastani. Dereva mmoja niliyezungumza naye kwenye mizani ya malori alidhani makaa ni mkaa wa miti iliyoungua zamani. Nilipomweleza kwamba hakuna moto uliopita, kwamba ni majani yaliyokandamizwa, alishuka, akachukua kipande, akakivunja na kukigeuzageuza kutafuta jani.

Kisha rangi inabadilika. Tabaka za juu zaidi zinaanza kuwa nyekundu na zambarau: joto limeongezeka, mvua imekuwa ya msimu, mito inafurika na kukauka. Ndani ya mawe ya mchanga kuna punje za waridi za felispa, madini ambayo hewa na maji huyaozesha upesi. Punje hizo bado ni ngumu, maana yake hazikusafiri mbali. Zilibomoka kutoka kwenye vilima vya naisi vilivyokuwa jirani, ndugu wa vile vya Nakapanya, zikaporomoka hadi chini ya ukuta wa ufa. Kila mara mchanga mkubwa unapotokea ghafla juu ya tope laini, hapo ndipo ufa uliposhtuka upya na kuinua vilima vya kando. Jiwe la mchanga la Kingori, lenye kokoto, ni mshtuko mmoja wa namna hiyo.

Na mifupa. Stockley aliiona kwanza, katika tabaka mbili: ile ya chini katika K6, ambayo sasa ni Usili, na ile ya juu katika K8, yaani Manda. F. R. Parrington wa Cambridge alikuja mwaka 1933 akakusanya mingi. Ernst Nowack alikusanya mingine katika muongo huo huo ikapelekwa Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1963 ukaja msafara wa Makumbusho ya Uingereza na Chuo Kikuu cha London. Tangu 2007 kundi la Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, limerudi mara nyingi kwenye makorongo haya. Kutokana na kazi hizo dunia imepata Asilisaurus kongwe mwaka 2010, Nundasuchus songeaensis mwaka 2014, mnyama mla nyama wa urefu wa karibu mita tatu anayebeba jina la Songea, na Teleocrater mwaka 2017. Desemba 2012 ilitangazwa Nyasasaurus parringtoni, kutokana na mfupa wa mkono na pingili chache za mgongo zilizokusanywa miaka ya 1930. Alan Charig, aliyeichunguza mifupa hiyo katika miaka ya 1950, alikwisha kufariki mwaka 1997. Wenzake walimweka miongoni mwa waandishi wa makala ile. Walisema huyu ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu sana, na umri wake ni kama miaka milioni 243.

Hapo kwenye umri ndipo palipo na tatizo, na ndilo lililonifanya niendelee na safari badala ya kurudi Songea.

Mawe ya mashapo yanajua mpangilio, hayajui tarehe. Manda iko juu ya Usili, basi Manda ni changa kuliko Usili. Lakini changa kwa miaka mingapi? Kati ya tabaka hizo mbili pana pengo: Usili ina wanyama wa kabla ya maangamizi makubwa ya viumbe ya miaka milioni 252 iliyopita, Manda ina wanyama wa baada ya ulimwengu kupona, na wale walioishi mara tu baada ya maangamizi hawajaonekana Ruhuhu. Kulikuwa na wakati ambapo bonde halikuzama, au lilizama kisha tabaka zikamomonyoka. Na katika Manda hakuna tabaka la majivu ya volkano lililopata kupimwa. Kusini mwa Afrika mabonde ya enzi hiyo yalimaliza maisha yake kwa moto: lava ya Lesotho, ya miaka milioni 183, imefunika kila kitu kwa unene wa zaidi ya kilomita moja. Ruhuhu haikupata lava hiyo. Ilizama na kujaa kimya, kisha mvutano wa ardhi ukahamia mashariki, ambako bahari ilikuja kufunguka.

Kwa hiyo umri wa Nyasasaurus umekopwa. Katika Manda amepatikana mnyama aitwaye Cynognathus, na Cynognathus yumo pia Afrika Kusini na Argentina. Wataalamu walisema, palipo na mnyama mmoja pana zama moja. Ni hoja ya busara, na kwa muda mrefu haikuwepo nyingine.

Ziwani

Lituhi iko mdomoni mwa mto Ruhuhu. Mto umekata bonde la kale kutoka juu hadi chini, na sababu ya kukata kwa nguvu namna hiyo ni kwamba mbele yake pamefunguka ufa mpya. Uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 474 hivi juu ya bahari, na kina chake kinafika mita 700, yaani sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Bila shimo hili jipya mto usingekuwa na mteremko, na bila mteremko mifupa ya Manda ingekuwa bado imefunikwa. Ufa ulio hai umeufukua uliokufa.

Kutoka kijiji cha Manda nilipanda meli kwenda kaskazini. Upande wa mashariki milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini, ukuta mmoja ulionyooka, vijiji vya Wakisi vimebanwa kwenye vipande vidogo vya ufuko penye mito inayoshuka. Ukuta huo ndio uso wa ufa wenyewe. Kule Ruhuhu ilinibidi kuukisia kutokana na punje za felispa, huku naugusa kwa macho. Chini ya ziwa, upande huu wa kaskazini, mashapo yamekwisha kufikia unene wa kilomita nne hivi, na mito Songwe, Kiwira na Lufilyo inaendelea kuongeza kila masika Kyela inapofurika.

Mwaka 2005 watafiti walichoronga sakafu ya ziwa hili kutoka kwenye jahazi kubwa la chuma na kutoa mhimili wa tope wa mita 380 wenye zaidi ya miaka milioni moja ya kumbukumbu. Tope hilo lilionyesha ukame ambao hakuna mzee anayeweza kuusimulia: kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ziwa lilishuka mara kadhaa kwa mamia ya mita. Lakini kilichonigusa zaidi ni uzi mwembamba wa vioo vidogo sana, vya kuonekana kwa hadubini, uliokutwa ndani ya tope. Ni majivu ya volkano ya Toba, kisiwani Sumatra, iliyolipuka yapata miaka 75,000 iliyopita. Upepo uliyavusha Bahari ya Hindi yote. Volkano ya Indonesia imeacha tarehe chini ya Ziwa Nyasa, na tabaka zote za juu na chini yake zimenufaika nayo.

Tukuyu

Baada ya Kyela barabara inapanda kwenye migomba na chai, na udongo unakuwa mweusi na mzito. Hii ni nchi ya Rungwe, mlima unaokaribia mita 3,000, pamoja na Ngozi na kasoko yake yenye ziwa, na Kyejo iliyotoa lava yapata mwaka 1800. Makaburi ya mababu wa babu za watu wanaoishi hapa yalichimbwa wakati lava ile inapoa. Kwenye mto Kiwira liko Daraja la Mungu, lava iliyobaki kuwa daraja huku maji yakipita chini yake. Na kwenye kingo za barabara, pale greda lilipokata, unaona tabaka la mawe mepesi ya rangi ya maziwa, yenye vitundu, yanayoelea ukiyatupa kwenye ndoo. Ni ya mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka kama 4,000 iliyopita, na mabaki ya mlipuko huo yamo ndani ya tope la Ziwa Nyasa pia. Mkulima mmoja, mama wa makamo, aliniambia kwamba tabaka hilo analifahamu sana: akichimba shimo la mgomba akalifikia, anajua amefika penye kupitisha maji.

Nililinganisha na Ngaka. Kule bonde lilijaa kwa mchanga, tope na majani. Huku ufa haujamaliza kuzama na tayari moto umepanda kupitia mipasuko yake. Mashapo na volkano vinapokezana: tope la ziwa, majivu, udongo, lava, tope tena. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa lilitikisa upande wa Rukwa, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne iliyopita. Bonde hili linafanya leo kile ambacho Ruhuhu ilifanya kabla ya dinosaria, pamoja na moto ambao Ruhuhu haikuwa nao.

Songwe

Magharibi mwa jiji la Mbeya, kwenye bonde la mto Songwe mwingine, si ule unaoingia Ziwa Nyasa, kuna mawe mekundu ambayo kwa miaka mingi yaliwasumbua wataalamu. Wengine walisema ni ya enzi za dinosaria, wengine wakasema ni changa sana, ya Bonde la Ufa la sasa. Kwa macho yanafanana: mchanga mwekundu, kokoto, mchanga mwekundu tena. Makundi ya watafiti Patrick O'Connor, Nancy Stevens na Eric Roberts, wakifanya kazi na Watanzania, waligundua kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Sehemu ya mawe hayo, iitwayo Galula, ni ya enzi za dinosaria kweli, na humo wametoka Rukwatitan, aliyepewa jina mwaka 2014, na Shingopana, mwaka 2017. Sehemu ya juu, iitwayo Nsungwe, ni changa zaidi kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Bonde lilizama, likasimama, likazama tena palepale, na mara zote mbili likajazwa mchanga mwekundu.

Kilichowaamulia, pamoja na mifupa, ni majivu. Ndani ya Nsungwe zimo tabaka nyembamba za majivu ya volkano, na ndani ya majivu mna chembe za zirkoni. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka hufungia urani kidogo na kuikataa risasi. Urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika kwa joto, baridi wala maji. Ukipima kiasi cha vyote viwili, unapata miaka tangu mlipuko. Jibu lilikuwa takriban miaka milioni 25, na mwaka 2012 likawalazimu wanajiolojia kurekebisha historia ya Bonde la Ufa: tawi la magharibi, lililodhaniwa kuanza zaidi ya miaka milioni kumi baadaye, lilikuwa limekwisha kuanza kufunguka pamoja na lile la mashariki la Kenya na Ethiopia. Mwaka uliofuata, kutoka mawe hayo hayo, walitangazwa Rukwapithecus, mmoja wa sokwe wa kale kabisa kujulikana, na Nsungwepithecus, wa upande wa nyani. Hakuna mtu anayebishana kuhusu umri wao kwa mamilioni kumi. Taya la Rukwapithecus lina tarehe kwa sababu volkano ilikuwa jirani.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Manda kwa uchungu kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Argentina walipima zirkoni kutoka kwenye miamba ya volkano ya bonde la ufa la kale huko Mendoza, katika mawe yenye Cynognathus. Walipata miaka milioni 235.8, changa kwa mamilioni kadhaa kuliko ilivyotarajiwa. Kama Cynognathus wa Mendoza ni wa zama hizo, basi huenda Manda nayo isiwe ya kale kama tulivyosoma mwaka 2012, na Nyasasaurus atasogea karibu na dinosaria wa Ischigualasto, ambao majivu ya kwao Argentina yanawapa kama miaka milioni 231. Mjadala unaendelea. Jibu la swali kuhusu mfupa wa Ruvuma linategemea volkano iliyolipuka Amerika Kusini, wakati Amerika Kusini na Afrika zilikuwa bado nchi moja.

Hukumu yangu kati ya mabonde haya mawili ni hii. Kwa simulizi ya namna bonde la ufa linavyozaliwa, linavyobadili hali ya hewa yake na linavyokufa, hakuna mahali nilipopaona panapoishinda Ruhuhu: barafu, kinamasi, mto, ukame na mifupa, vyote kwa mpangilio, katika nchi unayoweza kuikatiza kwa basi. Kwa tarehe, Songwe inashinda bila ubishi. Na upungufu huo wa Ruhuhu unaleta wajibu. Songwe mfupa ukihamishwa, majivu yanabaki na mtu anaweza kurudi kuyapima. Ruhuhu mfupa hauna tarehe nyingine isipokuwa mahali ulipolala: juu ya tabaka gani, chini ya lipi, mita ngapi kutoka Kingori. Ukiokotwa na kuwekwa dirishani, unakuwa kama yakuti la Muhuwesi katika maneno ya yule mzee wa Nakapanya, jiwe lisilo na kwao.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku, lakini sheria haikai korongoni. Wanaokaa korongoni ni wachunga mbuzi, wachimba mchanga, wanafunzi wanaokatiza kwenda shule za Litumba na Lituhi, na sasa vijana wa migodini. Makumbusho ya Maji Maji pale Songea ni tawi la Makumbusho ya Taifa, na yangestahili kuwa na chumba kimoja cha Ruhuhu, chenye nakala ya Nundasuchus na kipande kimoja cha kila tabaka kuanzia Idusi hadi Manda, ili mtoto wa Mbinga, wa Nyasa na wa Nakapanya aone sakafu na kilichojengwa juu yake. Wakati chumba hicho kinasubiriwa, msomaji wangu wa kusini, ukikuta mfupa wa jiwe kwenye korongo usiuinue. Upige picha ulivyo, uandike jina la kijiji na la korongo, kisha upeleke taarifa Songea.